Nikawaweka Mwende Mkazae Matunda

Wakristo wengi wa huku kwetu Masasi, tukiulizwa lengo la maisha ya Mkristo ni nini, hujibu bila kusita kwamba ni kwenda mbinguni. Jibu hilo si la uongo, kwa maana tumaini la uzima wa milele ndilo lililowashika wazee wetu katika misiba yao, na ndilo litakalotushika sisi. Lakini kila ninapoisoma sura ya 15 ya Injili ya Yohana naona kwamba Bwana wetu, usiku ule wa kuamkia kuteswa kwake, alipokuwa na saa chache tu za kusema na wanafunzi wake, hakuwaambia kwamba aliwachagua ili wakae wakingoja. Aliwaambia: "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi, nami nikawaweka mwende mkazae matunda, na matunda yenu yapate kukaa." Kuchaguliwa kwetu kuna shabaha, na shabaha hiyo inapimwa hapa hapa duniani, katika miaka tuliyopewa kati ya ubatizo na kaburi. Mtu anaweza kubatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani, akazikwa kwa nyimbo za kwaya, na bado asiwepo hata mmoja aliyewahi kushiba kwa sababu yake.

Nayaandika haya msimu wa korosho ukiwa unakaribia, nami nimeuchagua wakati huu makusudi. Katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi hakuna kipindi kinachomfunua Mkristo jinsi alivyo kama miezi hii ya Oktoba, Novemba na Desemba, fedha inapoingia nyumbani baada ya miezi mingi ya kubana matumizi. Kwaresima hutuonyesha jinsi tunavyoweza kujinyima tukiwa hatuna kitu, lakini msimu huonyesha tunavyoishi tukiwa nacho.

Kwanza niseme juu ya matunda yenyewe, kwa sababu hapo ndipo tunapopotea njia mara nyingi. Katika mikutano yetu ya mitaa ya kanisa tumezoea kusoma taarifa: waliobatizwa ni wangapi, waliopata kipaimara ni wangapi, sadaka imepanda kwa kiasi gani, mabati yaliyokwisha kupauliwa ni mangapi. Taarifa hizo zina kazi yake, na kanisa lisiloweka hesabu hualika wizi. Hata hivyo nimeona jinsi tunavyozisikiliza, tukitikisa vichwa kwa kuridhika, kana kwamba tumekwisha kuonyeshwa matunda ya mwaka mzima. Wapo pia wahubiri wanaopita katika miji yetu na vipaza sauti, wakifundisha kwamba tunda la imani ni gari, nyumba mpya na biashara isiyoanguka. Sina ugomvi na nyumba nzuri, wala sidhani kwamba umaskini ni utakatifu. Ila Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia alitaja mambo tisa: "upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi". Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kupigwa picha na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kuwa nalo peke yake porini. Yote tisa huonekana pale tu ambapo kuna mtu mwingine: mke, mume, mdai, mdaiwa, jirani, mtoto, adui.

Yesu alisema juu ya mzabibu kwa sababu wasikilizaji wake waliuona kila siku. Sisi wa kusini tunaamka na kulala chini ya mkorosho, nami naamini mti huu unaweza kutusaidia kuelewa maneno yake, mradi tukumbuke kwamba neno la Injili ndilo linalofundisha na mti unaonyesha tu. Kila mkulima wa huku anajua kwamba mkorosho hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya, kule ambako jua linafika. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo hutuhimiza kupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kwa maana mikorosho iliyosongamana hushikana matawi, ikatiana kivuli, na ndani yake yakabaki matawi makavu yasiyozaa, huku juu yake mtu akiona kijani kinachopendeza. Wazee wanakumbuka vizuri zaidi yangu yaliyotokea katika nchi nzima. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji, mbali na mashamba yao ya zamani. Bei haikumtia mkulima moyo. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaofunika maua kama yaliyopakwa unga, yakanyauka kabla ya kufunga tunda. Kwa sehemu kubwa mikorosho yenyewe ilikuwa bado imesimama, ina majani, ina kivuli, ina jina la mwenyewe. Palizi na kupogolea ndivyo vilivyokosekana.

Na kuna jambo jingine katika mti huu ambalo mimi hulirudia moyoni mara nyingi. Korosho haichumwi mtini. Inaiva, inaanguka pamoja na bibo lake, lile tunda laini linaloishikilia, na mtu anainama kuiokota. Mkorosho hauli korosho zake, wala haumchagui atakayeokota. Bwana wetu aliposema kwamba Baba yake hutukuzwa "kwa vile mzaavyo sana", aliutaja utukufu wa Baba peke yake, na tawi lenyewe hakulitajia sifa yoyote. Naamini roho zetu zingepona maradhi mengi kama tungekubali kwamba matunda yetu si chakula chetu. Mtu anayesaidia ili atajwe kwa jina kwenye matangazo ya Jumapili amekwisha kujiokotea mwenyewe, na anayestahili kulishwa ameondoka mikono mitupu.

Basi matunda hayo yanatoka wapi? Hapa Injili haina maneno mengi, nami sitaongeza mengi. "Kama vile tawi lisivyoweza kuzaa peke yake, lisipokaa ndani ya mzabibu, kadhalika nanyi, msipokaa ndani yangu." Tunakaa ndani ya Kristo kwa sala isiyokatika, kwa Neno lake, kwa meza yake, na kwa kutii lile dogo tulilokwisha kulielewa kabla ya kutafuta jipya. Ninawafahamu wanakwaya, wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi ambao wiki nzima hawana jioni moja ya kupumzika kwa vikao na mazoezi, lakini hawajafungua Biblia nyumbani tangu mwaka uanze, na wake zao au waume zao wanajua hivyo. Kazi zao ni nyingi na zinaonekana. Siku likitokea jambo la kuudhi ndani ya kikao, hata dogo, maneno yanayowatoka vinywani yanatuonyesha wote kwamba shina halijawapa kitu kwa muda mrefu. Nasema hivi kwa uchungu, maana watu hao ndio wanaoshika nguzo za mitaa yetu, na tumewatwika mizigo bila kuwauliza kama wanapata muda wa kukaa na Bwana wanayemtumikia.

Sehemu ya Maandiko iliyonisaidia kuliko zote katika jambo hili ni sura ya 3 ya Injili ya Luka. Yohana Mbatizaji amewaambia makutano wazae matunda yapatanayo na toba, nao wanamwuliza swali ambalo natamani tungelisikia katika makanisa yetu kila Jumapili: "Tufanye nini basi?" Majibu ya Yohana yananishangaza kila ninapoyasoma, kwa jinsi yalivyo ya kawaida. Watu wote anawaambia, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu," na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru anawaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari anawaambia wasidhulumu mtu, wala wasishitaki kwa uongo, nao watoshewe na mshahara wao. Hakuwaambia watoza ushuru waache forodha waende naye jangwani kula nzige, wala hakuwaamuru askari wafunge siku arobaini. Kila mmoja alionyeshwa tunda lake mahali pale pale alipokuwa akisimama kila siku, na hasa mahali alipokuwa na uwezo wa kumwumiza mwenzake bila mtu kumwuliza.

Nikilileta swali hilo huku kwetu, katika msimu huu, naona majibu yakija yenyewe. Yupo Mkristo anayesimama kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho zake ghalani akapewa stakabadhi nazo zikauzwa mnadani, ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, korosho za mkulima mdogo hupita mikononi mwa watu wengi kabla hazijafika mnadani: mpimaji, karani, mtunza ghala, dereva. Gunia likitundikwa kwenye mizani, mama aliyelileta anasimama upande wa pili, kanga imefungwa kiunoni, anausubiri mshale utulie, na pengine hajui kusoma tarakimu. Sekunde chache zile ambazo mpimaji anaangalia mshale, kisha anaandika kwenye daftari, ni mahali patakatifu kama pale mbele ya altare. Kilo alizozipima ndizo atakazoziandika, au ataandika pungufu. Hakuna mahubiri ya mwaka mzima yatakayoziba pengo la kilo mbili zilizopotea hapo.

Yupo pia Mkristo mwenye fedha kidogo, na hapa nataka nikae kwa muda, kwa maana tumenyamaza mno. Kila mtu wa kusini analijua neno kangomba. Mwezi wa pili na wa tatu, chakula kinapopungua nyumbani na mahindi mapya bado yako shambani, mtu mwenye shida huenda kwa mwenye nacho akaomba fedha ya unga, ya dawa au ya sare ya mtoto, na anaahidi kulipa kwa korosho msimu ukifika. Bei hupangwa siku ile ile, na huipanga mwenye fedha. Mnada ukifunguliwa, korosho zile zina thamani mara kadhaa ya alichopewa, nazo si zake tena. Serikali imepambana na biashara hii kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ilipoamua kununua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wenye mashamba ulifanywa kwa sababu hiyo hiyo, ili wanunuzi wa kangomba wasilipwe kwa jasho la wengine. Hayo ni ya serikali. Swali langu ni la kanisa. Torati, katika Kutoka 22, inakataza kumtoza riba maskini aliye miongoni mwetu, na manabii waliirudia sheria hiyo kwa machozi. Isaya anaimba juu ya shamba la mizabibu lililopaliliwa likaondolewa mawe, likazaa zabibu-mwitu, kisha anaeleza mwenyewe ni zabibu-mwitu gani: Mungu alitazamia haki akasikia kilio. Ninapomwona mtu akileta zaka kubwa ya msimu, na nusu ya mtaa tunajua kwamba imetokana na magunia ya wajane aliowakopesha mwezi wa tatu, nasikia kilio kile cha Isaya, nami naona kwamba padre na wazee tungepaswa kwenda kwake jioni, kwa upole na kwa siri, kumwambia arudishe.

Wengine husema, "Lakini nilimsaidia, asingenipata mimi angelala njaa." Ni kweli kwamba mwenye njaa alikula siku ile. Ila msaada ambao mwisho wake unamwacha msaidiwa bila mavuno unamrudisha mwezi wa pili ujao mlangoni pale pale, akiwa mnyonge zaidi. Sitaki kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja, kwa kuwa wapo waliokopa wenyewe ili wakopeshe, nao wana wadai wao wa mjini. Hata hivyo tunda la Roho liitwalo fadhili halina njia ya kukua ndani ya mapatano ya namna hiyo.

Tunda jingine la msimu liko nyumbani. Kazi ya mikorosho ni ya nyumba nzima: mume na vijana wanapuliza salfa alfajiri wakati umande bado uko majanini, mama na mabinti wanafyeka na kufagia chini ya miti ili korosho zikianguka zionekane, na asubuhi zote za Oktoba watoto wanaokota kabla ya kwenda shule, vidole vikinata maji ya mabibo. Malipo yanapokuja, mara nyingi huja kwa jina la mtu mmoja. Ndoa ngapi zimevunjika katika miezi hii katika vijiji vyetu! Kuna baba anayeondoka siku ya malipo na kurudi baada ya siku kadhaa, amekunywa, au ameposa kwingine, na ada ya shule imebaki maneno. Naye alikuwa mpole kabisa mwezi wa tano, wakati hakukuwa na fedha ya kupotea nayo. Kiasi ndilo la mwisho katika orodha ya Paulo, na mahubiri yetu hulitaja mara chache kuliko yote, lakini katika nyumba za mikoa hii naamini ndilo linalookoa watoto wengi zaidi.

Sisi Wakristo wa Mtwara na Lindi tuna jambo moja ambalo ndugu zetu wa sehemu nyingine huenda hawana kwa kiwango hiki. Tunaishi na Waislamu, wala si kwa ujirani wa mipaka tu. Tumeoana, tuna wajomba na mashangazi kwa upande ule, tunazikana, tunakula Idi na Krismasi pamoja. Wengi wa majirani zetu hawatafungua Injili ya Yohana maisha yao yote. Matunda yetu watayaona, ama watayakosa. Karibu na kwangu anaishi bibi mjane mwenye mikorosho michache iliyopakana na shamba la mzee mmoja Mwislamu, na tawi kubwa la mti wa mzee limevuka mpaka. Nilipita hapo asubuhi moja nikamkuta bibi ameinama, pembeni yake kuna ndoo na kopo la zamani la rangi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mbona vyombo viwili?"

"Ndoo yangu. Kopo la Mzee. Mti wake umedondosha huku."

Akaendelea kuokota, akiyaangalia juu matawi kila mara ili ajue korosho imetoka mti upi. Hakunihubiria, wala sidhani kwamba lilikuwa jambo la kuhubiriwa machoni pake. Baadaye, katika mazungumzo yaliyohusu mambo mengine kabisa, mzee yule aliniambia bila kuulizwa kwamba amekwisha kuwausia wanawe: siku akifa, wakigombana juu ya mpaka, wasiende kwa mtu mwingine kabla ya kumwuliza bibi. Katika nchi ambayo mashauri ya mipaka huvunja koo, sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Na bibi huyu hajawahi kushika cheo chochote katika mtaa wetu, wala jina lake halimo katika taarifa yoyote niliyowahi kuisikia.

Matunda yanayokaa ndiyo yaliyotuzaa sisi tulio Wakristo wa kusini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, mtu yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kulitia Agano Jipya katika Kiswahili, alitoka Zanzibar kwa kupitia Lindi akaja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakajenga Masasi. Mwaka 1882 Wangoni tuliowaita Magwangwara walikivamia kijiji kile, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kazi ikabidi ihamie Newala. Mtu aliyeitazama misheni mwaka ule angeweza kusema kwamba ilikuwa imekwisha. Miaka michache baadaye alikuja Chitangali, katika nchi ya Newala, Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani kule Unguja. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wamemtia bei, na huyo ndiye aliyerudi bara kuwabatiza watu wa kabila lake. Kwa upande wa ndugu zetu Wakatoliki, watawa wa Kibenediktini walijenga misheni za Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, na vita vya Majimaji vya 1905 vikaziharibu zote mbili. Sisemi kwamba waliozichoma hawakuwa na sababu ya hasira, kwa maana walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi ya kulazimishwa chini ya Wajerumani, na kanisa lililokuja pamoja na dola liliumia pamoja nayo. Mwaka uliofuata, 1906, ilianzishwa misheni ya Ndanda, na mpaka leo mgonjwa wa huku akizidiwa, awe Mkristo au Mwislamu, kauli ya kwanza ya jamaa zake huwa ni kwamba apelekwe hospitali ya Ndanda.

Historia hiyo hunikumbusha nusu ya pili ya mstari wa pili wa Yohana 15, ambayo hatupendi kuisoma: "na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Anayeletewa kisu ni tawi lizaalo. Hapa naomba tuwe waangalifu sana na vinywa vyetu. Nimewasikia Wakristo wakisimama kwenye matanga na kumwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba Mungu anamsafisha. Mkulima pekee, yaani Baba, ndiye anayejua alichokikata na kwa nini. Sisi tulio matawi wenzake hatujapewa kazi ya kueleza. Kazi yetu pale matangani ni kuteka maji, kupika, kulala chini mkekani na wafiwa, na kunyamaza. Mtu mwenyewe, baada ya miaka, anaweza kusema kwamba katika uchungu ule alijifunza kuwahurumia wengine, nami nimewasikia wakisema hivyo, lakini neno hilo ni lake yeye kulisema.

Wapo watakaosoma haya wakakata tamaa, hasa wazee ambao nguvu zimekwisha na wanaona kwamba wakati wa kuzaa umewapita. Zaburi ya 92 inasema juu ya wenye haki kwamba "watazaa matunda hata wakati wa uzee", na bibi wa kopo la rangi ni ushahidi wake. Wapo pia vijana na watu wazima wanaojiangalia miaka nenda miaka rudi na kuiona hasira ile ile, ulevi ule ule, uongo ule ule. Kwao Bwana alisimulia habari ya mtini uliotafutwa matunda miaka mitatu usiwe nayo, na mwenye shamba akataka ukatwe. Mtunza shamba akasema, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Mimi huusoma mfano huo kwa hofu na kwa faraja pamoja. Mwaka ulioongezwa ni mmoja, haukuwa bila kikomo, lakini katika mwaka huo aliyeshika jembe ni mtunza shamba, naye ndiye aliyejitolea kuchafuka mikono kwa ajili ya mti usiofaa.

Katika mtaa wetu tumezungumza mambo haya na padre pamoja na wazee, na yapo machache tuliyokubaliana kuyafanya msimu huu. Misa ya kuombea mavuno itafanyika kabla ya mnada wa kwanza, na somo litakuwa lile la Luka 3, ili kila mtu ajiulize swali la makutano akiwa bado hajashika fedha. Sadaka za mavuno hazitasomwa kwa majina na kiasi. Kila mume na mke wameombwa wakae pamoja kabla ya malipo, waandike kwenye karatasi moja ada, chakula, pembejeo za mwakani na deni, na kama wakihitaji mtu wa kukaa nao, wapo wazee wawili wa kanisa, mwanamume na mwanamke, walio tayari. Vibarua wa kuokota watalipwa siku ile ile ya kazi, kama Walawi 19 inavyoagiza kwamba ujira wa mwajiriwa usilale kwa mwajiri hata asubuhi.

Jambo kubwa zaidi ni ghala dogo la chakula. Malipo ya kwanza yakiingia, kila nyumba inayoweza itatoa debe moja la mahindi, na mahindi hayo yatahifadhiwa katika chumba cha nyuma cha kanisa mpaka Februari. Atakayepungukiwa atakopeshwa mahindi, naye atarudisha mahindi kiasi kile kile baada ya mavuno yake, bila nyongeza na bila kuwekewa rehani korosho zake. Tumekubaliana pia kwamba hatutauliza mtu anasali wapi. Mzee mwenye mti uliovuka mpaka alipopata habari alileta debe lake mapema kuliko sisi sote, la mtama, kwa kuwa mahindi yake yalikuwa yamekwisha, nasi tumelipokea na kuliandika katika daftari pamoja na mengine yatakayokuja.